Muulize Fundi: Taa zinazosinzia mlimani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Lotus Elan ya 1967, ile ambayo taa zake kubwa huibuka kutoka kwenye pua ya gari. Mchana nikizijaribu zinapanda zote mbili bila shida. Wiki iliyopita usiku nilikuwa napanda mlima mrefu karibu na Buxton, nimekanyaga mafuta mpaka chini, mara zikaanza kushuka polepole kama mtu anayesinzia. Mwanga ukafupika mpaka kona sikuiona vizuri. Nilipoachia mafuta, zikapanda tena. Rafiki yangu anasema ning'oe mfumo wote nifunge mota za umeme. Nifanyeje? — Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, gari hilo lisitoke usiku mpaka kazi hii iishe. Kona moja usiyoiona yatosha.

Mota usinunue bado. Maelezo yako yenyewe yameshanionyesha pa kutazama. Taa zako huinuliwa na vakyumu, yaani ule mvuto unaopatikana ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, injini inaponyonya hewa na koo la kabureta likiwa limezibwa. Mvuto huo hupita kwenye mpira, ukavuka vali ya njia moja, ukaingia kwenye tangi la akiba, halafu swichi ya dashibodi huupeleka kwenye makopo mawili yenye kiwambo cha mpira, kila taa na kopo lake. Sasa ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, koo la kabureta linafunguka lote na mvuto wa manifoldi karibu unatoweka. Kuanzia hapo taa zinaishi kwa akiba tu. Zako zilishuka zote mbili, kisha zikapanda ulipoachia mafuta: makopo yana nguvu, akiba ndiyo haikai. Ingekuwa imeshuka moja, ningekutuma kwenye kopo la upande huo na mpira wake.

Anza na vali, maana ni kitu kidogo na rahisi kupima. Ichomoe, ipulize kwa mdomo. Pumzi ipite kuelekea injini. Ukiigeuza, isipite hata chembe. Ikipitisha pande zote, umempata mwizi wako.

Vali ikiwa nzima, nenda kwenye tangi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Ukifungua boneti hutaliona kopo lolote la akiba. Kwenye Elan, tangi ni chasisi yenyewe: ile boriti ya mbele inayokatiza kutoka gurudumu hadi gurudumu ni chuma kilichofungwa pande zote, na vakyumu huhifadhiwa humo ndani. Bodi ni faibaglasi, haijui kutu, kwa hiyo gari huonekana jipya huku boriti inaliwa taratibu chini yake. Mwaka wangu wa kwanza na magari haya nilibadilisha makopo yote mawili ya gari la mteja, nikabadilisha na mipira, siku mbili nzima, na taa zikaendelea kushuka. Siku ya tatu nililala chini ya gari na tochi, nikakwangua rangi kwa bisibisi, na bisibisi ikazama. Tangu siku hiyo tangi nalipima mapema.

Kulipima si kazi ngumu. Tafuta pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Chomoa mipira yote ya tangi, ziba matundu kwa vizibo vya mpira ubakize moja, funga pampu hapo, vuta, kisha uache. Mshale ukitulia, tangi ni zima. Rudi kwenye mipira, viungo vya T na swichi, ukivuta kipande kimoja kimoja kwa pampu ileile. Mpira wa miaka hiyo hupasuka sana pale unapovalishwa kwenye bomba, na ufa hufunguka ukiupinda kwa vidole.

Mshale ukishuka, tangi linavuja. Wengi hapo hufunga kopo jingine pembeni kuwa akiba mpya, na taa husimama kweli. Sina ugomvi na kopo hilo. Ugomvi wangu ni kuishia hapo, kwa sababu boriti hiyohiyo ndiyo inayobeba sehemu ya mbele ya gari: mikono ya magurudumu na usukani vimeshikizwa hapo. Na mota za umeme zingekufichia habari hiyo kabisa. Taa zingesimama imara huku kutu ikiendelea. Kagua pia minara miwili inayoshika springi za mbele. Matundu ya kutolea maji chini yake yakiziba tope, maji hukaa humo.

Wenye Elan za toleo la mwisho, kwenu mambo ni kinyume: springi huinua taa na vakyumu huzishusha. Uvujaji mtauona asubuhi, gari lililazwa macho yamefumba likaamka yamefumbuka. Mpango huo naupenda zaidi, kwani hitilafu haikuachi gizani.

Wewe wa Leicester, mshale ukishuka nitumie picha ya boriti kutoka chini, kabla hujaipaka rangi wala lami yoyote.