Re: Tiketi safu ya 3, mechi ya hoki ya barafuni ya vyuo, uwanja wa wazi – USILIPE!

Mkuu, umesema unataka kulipia safu ya 3 ili uwe karibu na mchezo. Toa mkono kwenye kitufe cha kulipia. Nani kakudanganya kwamba karibu ndiyo raha? Bila shaka muuza tiketi. Hao jamaa wanachukua ramani ya viti ya futiboli ya Kimarekani, wanaacha bei za viti vya chini zikiwa juu vilevile, halafu barafu inatandazwa katikati ya uwanja. Kukaa mbele kunalipa kwenye ukumbi wa ndani tu, ambako goti linakaribia kugusa kioo kinachozunguka barafu.

Piga hesabu. Uwanja wa futiboli una upana wa karibu mita 49, wa barafu ni 26 kwa 61. Kila upande zinabaki mita 11 tupu, hapo hujaweka nafasi wanakosimama makocha siku za futiboli. Barafu imezungukwa na ukuta mweupe wa takriban mita 1.07, kioo kinaanzia juu yake. Jicho lako likiwa mita 2 juu ya barafu na mita 15 kutoka ukutani, ukuta unakuficha mita 17 kati ya zile 26! Paki, kile kisahani cheusi cha mpira, kinateleza chini kabisa, kwa hiyo utalipia kuona helmeti zikipita na matangazo ya biashara. Goli utalijua kwa kelele za jirani. Nyuma ya magoli ndiyo balaa zaidi, pengo linafika mita 24.

Sasa panda safu ya 30 hivi. Jicho likiwa mita 9 juu na mita 35 kutoka ukutani, kinachofichika ni kama mita 5 tu. Ni mbali, ndiyo, lakini unaona pasi inavyopangwa. Michigan Stadium, uwanja wa futiboli wa chuo kikuu huko Marekani, ulichezewa hoki mwaka 2010 na Guinness, wale wa kitabu cha rekodi, walihesabu watu 104,173. Viwanja vya ukubwa huo nafasi za juu zipo tele na mara nyingi ni nafuu. Wanaokwambia "huko juu ni kwa wasio na hela" waache na helmeti zao.

Upepo wa juu unauma, sikatai. Lakini baridi kubwa hupandia miguuni: simamisha viatu juu ya kipande cha boksi, si kwenye zege. Soksi ya sufu moja nene inatosha. Mbili zikibana kiatu damu haipiti vizuri na vidole vinakufa ganzi. Pamba mwilini usivae, ikilowa jasho haikauki upesi. Simu iwe mfuko wa ndani, betri huzima kwa baridi na tiketi imo humo humo.

Uliuliza pia maegesho na nini kingine sijui, wadau watakujibu. Kama ile ya safu ya 3 umeshalipia, kwa kawaida pesa hairudi, kwa hiyo iuze leo kabla wengine hawajaanza kushusha bei karibu na mechi. Ukikosa ya juu katikati, chukua ya juu kwenye kona. Ya chini, hata ukipewa bure, uliza kwanza ni safu ya ngapi.