Fundi Anajibu: Nataka gari lenye nguvu, lisilo na makorokoro

SWALI: Fundi, mimi ni mnunuzi wa kahawa hapa Bwera. Naipakia huko juu, Kyarumba na Kyondo, naiteremsha Kasese. Nina pikapu ya dizeli, kabini mbili, iliyotoka Japani. Msimu uliopita nikiwa na magunia mlimani, taa ya injini iliwaka na gari likakataa kuvuta, tukapanda kwa mwendo wa kutembea. Kijana mwenye mashine mjini alisoma, akafuta, akalipwa, na haikuchukua muda taa ikarudi. Skrini inaniandikia Kijapani. Betri ya ufunguo ikifa, nasimama nje ya gari langu mwenyewe. Baba yangu alikuwa na Land Cruiser ya zamani iliyopanda milima hii hii bila kompyuta hata moja. Nataka nirudi huko: injini, gia, usukani, breki, basi. Kwa nini hawatengenezi tena magari ya namna ile? Na nikitaka moja, nitafute lipi? — Mnunuzi wa kahawa, Bwera

JIBU: Ndugu yangu wa Bwera, barua yako niliwasomea vijana hapa gereji kwangu Ndeeba, Kampala, wakati wa chai, na hakuna aliyeshangaa, maana magari yenye ugonjwa huo hayakauki uwanjani kwetu.

Bila kuliona gari siwezi kula kiapo, lakini dalili ulizoandika ni za kichujio cha masizi. Dizeli za sasa zimefungiwa kichujio ndani ya ekzosi. Masizi yakijaa, kompyuta inaongeza dizeli ili ekzosi ipate joto la kama nyuzi 600, masizi yaungue yaishe. Kazi hiyo inataka barabara ndefu na mwendo usiokatika, kama kutoka Masaka mpaka Mbarara. Kazi yako wewe ni gia ya kwanza, kusimama kwenye mizani ya mkulima injini ikinguruma, kupakia, kuteremka. Masizi yanaungua nusu, yanajaa tena, moshi unakosa pa kutokea, na kompyuta inapunguza nguvu ili injini isife. Yule kijana alifuta maandishi, masizi akayaacha palepale. Kabla hujaliuza gari, tafuta fundi akishushe kichujio na kukisafisha, apime na sensa zake, kisha mara kwa mara ulipeleke gari barabara kuu ulikimbize kwa mwendo mmoja bila kuzima.

Jihadhari pia na dizeli nyingine zilizouzwa Japani kuanzia 2015, Prado ya 2.8 ikiwemo. Zina tangi la pili, la maji ya urea ya kusafishia moshi. Yakiisha ukazima injini, haiwaki tena mpaka uyajaze. Usinunue gari hilo kabla hujahakikisha kwamba maji hayo unayapata Kasese, tena mwaka mzima.

Sasa gari la mzee. Kama lilikuwa Land Cruiser la dizeli la miaka ya 90 lisilo na turbo, basi karibu hakika lilibeba injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164. Pampu yake inapima dizeli kwa vyuma na springi, inazungushwa na injini yenyewe. Ikishawaka, umeme inaoutegemea ni wa waya mmoja unaofungua njia ya dizeli kwenye pampu. Waya huo ukikatika, unavuta mwingine kutoka kwenye betri na safari inaendelea. Dizeli ikikuishia njiani na hewa ikaingia kwenye mabomba, unajaza, unaibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikaze, unalegeza nati kwenye nozeli, mwenzako anapiga stata. Inatoka povu kwanza, kisha dizeli tupu. Unakaza nati moja moja, na kila unayoikaza unasikia silinda yake imeshika, mpaka zote sita zinanguruma kwa pamoja. Nimewafundisha kazi hiyo vijana ambao shule waliiacha mapema, na wameifanya usiku porini kwa mwanga wa simu. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe moyo na roho. Gari la kazi la mtu wa milimani ni lile ambalo mtu aliye karibu nalo anaweza kulitengeneza, kwa vifaa alivyo navyo, pale lilipofia.

Lakini kuhusu nguvu, hesabu inasema vingine. 1HZ inatoa nguvu za farasi 130 hivi na uvutaji wa Nm 285 (Nm ndicho kipimo cha uvutaji). Injini ya turbo ya lita 2.8 ambayo Toyota inaiuza leo inafika farasi 204 na Nm 500. Watu wanaiapia 1HZ kwa sababu uvutaji wake unakuja mapema, mzunguko ukiwa bado chini, gia zake za kwanza ni fupi, na ukiitunza itakuvutia hivyo hivyo miaka mingi ijayo. Huo ni uvumilivu, na kwako una thamani kuliko farasi, ila usilipie kimoja ukidhani umenunua kingine.

Halafu kuna kimo. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kabale mjini ni karibu mita 2,000, na mashamba ya arabika huko kwenu mengine yako juu kiasi hicho. Farasi 130 za mzee pale zilikuwa zimebaki 100 na kidogo, na magunia hayakupungua. Kwa hiyo turbo nakuomba usiiweke kwenye orodha ya makorokoro. Inazungushwa na moshi wa ekzosi, inasukuma hewa ndani, na ziko turbo zisizojua kompyuta ni nini. Ndugu yake 1HZ, ile 1HD-T iliyokuwa kwenye Land Cruiser 80, ina cc zilezile, ina turbo, na pampu yake bado ni ya vyuma. Kwangu mimi hiyo ndiyo injini bora ya dizeli iliyowahi kupanda barabara za nchi hii. Ukiipata nzima, usisite.

Uliuliza kwa nini hawatengenezi tena. Ni moshi. Mwaka 2003 Tokyo ilianza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango chake cha moshi, Ulaya nayo ikaendelea kukaza sheria zake, na pampu ya vyuma haiwezi kupima dizeli kwa ustadi unaotakiwa na sheria hizo. Sitawalaumu. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya Clock Tower, Kampala, saa kumi na moja jioni, nyuma ya lori linalotapika moshi mweusi, anajua mapafu yake yanalipa nini. Hata hivyo Land Cruiser 70 ilianza kutengenezwa 1984 na haijaachwa mpaka leo, na zile za 1HZ zimeendelea kuuzwa Afrika kwa miaka mingi kwa sababu ya jeshi, polisi na mashirika ya misaada.

Basi utafute lipi? Kuagiza la zamani kutoka Japani usahau, kwa kuwa tangu 2018 sheria yetu ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15. Unatafuta lililo ndani ya nchi tayari. Fuatilia minada ya magari ya serikali na ya mashirika. Land Cruiser 75 na 79, za ukoo ule ule wa 70, zinatokea huko, zimechoka bodi lakini mara nyingi zina kitabu cha sevisi. Bei yake itakuumiza kwa sababu kila mtu anazitaka. Mfuko ukigoma, Hilux yenye injini iitwayo 5L au 3L ni nyepesi kutengeneza na spea zake ziko kila mji, ila uvutaji wake ni mdogo, kwa hiyo utapunguza magunia. Isuzu zenye injini ya 4JB1 ya turbo naziheshimu sana. Zile ambazo taimingi yake, yaani mfumo wa kupatanisha valvu na pistoni, ni ya gia, hazina mkanda wa kukatika.

Ukienda kuliangalia, fika alfajiri kabla hawajaliwasha. Shika injini kwa mkono, iwe baridi. Muuzaji akikukaribisha kwenye injini iliyokwisha pashwa moto, mwambie utarudi kesho. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili uone kama inapumua kwa nguvu, na chungulia rejeta kama inatoa mapovu. Kisha lala chini yake na nyundo ndogo, ugonge chesisi kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa. Hapo usikubali kuambiwa kwamba ni kuchomelea kidogo tu.

Neno moja la mwisho kwako, na hili nalisema kwa uzito. Umeandika "injini, gia, usukani, breki, basi." Ongeza mikanda ya usalama, na kama unaweza kupata lenye ABS inayofanya kazi, lipe nafasi ya kwanza. Mteremko wa kutoka Kyondo, mvua imenyesha, tani moja nyuma yako: magurudumu yakijifunga kwa breki, usukani haukutii tena. ABS inayaachia na kuyashika kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi. Ni kompyuta, ndiyo, na ikiharibika breki za kawaida zinabaki. Skrini, funguo za kubonyeza na springi za hewa ving'oe upendavyo, mimi mwenyewe nitakushikia spana. Hiyo iache.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Jinja. Nataka Premio iliyotumika. Kila ninayemwuliza ananiambia "usichukue D4, chukua VVT-i." Mwenye duka la magari anasema D4 ndiyo ya kisasa zaidi na ina nguvu zaidi. Nani mkweli? — Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwalimu, wote wawili wamesema kweli, ila ushauri wa rafiki zako ndio utakaokusaidia. D4 ya Premio za 2001 hadi 2007 ni injini ya 2.0 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Pampu yake na nozeli zake hazivumilii petroli chafu. Tena, kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, zinajenga kaboni mpaka gari linatetemeka likisimama kwenye taa. Ile 1.5 na ile 1.8, ndizo rafiki zako wanazoziita VVT-i, zinapuliza petroli nje ya silinda kwa njia ya kawaida, na kila fundi kutoka Jinja mpaka soko la spea la Kisekka, Kampala, anazijua.

Kwa barabara zenu za lami 1.5 inakutosha, na mnyororo wake wa taimingi haubadilishwi kama mkanda. Premio za umbo lililotoka katikati ya 2007 hazikuwekewa D4 kabisa, kwa hiyo ukipata ya huko mbele tatizo hilo halipo. Usiongeze pesa kwa ajili ya skrini ya ramani, ni ramani ya Japani. Hata redio nyingi za huko FM yake inaishia 90, utakosa stesheni nyingi za hapa mpaka ufungiwe kifaa cha kuongeza au redio nyingine.

SWALI: Nina Toyota Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ. Fundi wangu hapa Gulu anataka kuitoa themostati, anasema ni kitu cha nchi za baridi, huku kwetu ni korokoro tu. Nimruhusu? — Dereva, Gulu

JIBU: Hapana. Mwambie mimi nimekataa, na kama ameshaitoa airudishe leo.

Injini hiyo ina njia mbili za maji, moja inakwenda kwenye rejeta, nyingine inazunguka ndani ya injini yenyewe. Themostati ni valvu inayofunguka maji yakipata moto; ikifunguka, upande wake wa chini unaifunga ile njia ya ndani, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya ndani inabaki wazi na maji ya moto yanazunguka humo bila kupoa. Safari tupu za mjini hutaona kitu. Siku utakapopakia na kukimbia kwenda Karuma juani, joto litapanda, na 1KZ ikizidiwa na joto silinda hedi yake hupasuka. Bei ya hedi nadhani umeshaisikia.

Kama gari linachemka, kuna sababu nyingine na huyo fundi aitafute: rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, kifuniko cha rejeta kilichochoka, pampu ya maji. Na kama ni themostati yenyewe, ipimeni. Itumbukizeni kwenye sufuria ya maji jikoni, muifunge uzi isiguse chini, mpashe moto. Kabla maji hayajachemka iwe imefunguka wazi. Ikifunguka, ni nzima, rudisheni. Isipofunguka, nunua mpya yenye nyuzi zilezile zilizopigwa chapa kwenye ya zamani, na gasketi yake.