Usiondoke Dirishani Kabla Hujausoma Muhuri: Kwa Mnaoanza Kuongoza Misafara

Wadogo zangu, juzi nimewatazama tena mkivuka mpaka na roho ikawa mkononi. Afisa anagonga, mnapokea pasipoti, mnaifunga, mnakimbilia mizigo. Hakuna hata mmoja aliyeifungua. Muhuri ule ndio unaosema mtu ameingia lini, kwa ruhusa gani, na anatakiwa awe ametoka lini. Muhuri ukiwa na kosa, basi kuanzia mnapoliacha dirisha kosa hilo ni lenu, hata kama aliyelifanya ni mwingine. Naandika kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuyasema haya huku basi linapiga honi.

1. Fungua pasipoti palepale, mbele ya aliyegonga. Tazama tarehe, idadi ya siku, aina ya ruhusa, na kama wino unasomeka. Tarehe ikiwa ya jana, au siku 30 zikiwa zimeandikwa 3, sema kwa upole: "Samahani, naomba uitazame tena hii." Pale dirishani ni marekebisho ya dakika moja. Wiki mbili baadaye, mji mwingine, ni barua na maelezo.

Na acheni kuhesabu siku kwa kuitazama viza. Kwa nchi nyingi tarehe ya mwisho kwenye viza ni ya mwisho kuingia; muda wa kukaa anaupanga afisa siku ya kuwasili. Marekani ndiko watu wanakoumia zaidi kwa hili: kinachohesabika ni I-94, yaani rekodi ya serikali ya siku ulipoingia na siku unayotakiwa kutoka, ambayo tangu 2013 kwa wanaofika kwa ndege au meli huwekwa mtandaoni. Ipakueni siku hiyohiyo mkiwa bado mnakumbuka mliambiwa nini.

2. Siku 90 si miezi mitatu. Shikeni kalenda, mhesabu siku moja moja. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ni siku 90 ndani ya siku zozote 180. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa. Zile 180 husogea pamoja na wewe kila siku, kwa hiyo kutoka wikendi moja na kurudi hakufuti chochote. Kijana mmoja alibishana nami jioni nzima kuhusu hili, nikamwachia kalenda na kalamu, asubuhi akaja mwenyewe kubadilisha tiketi. Sasa hata ubishi hauna nafasi: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa EES, wa kuandikisha kwa kompyuta wanaoingia na kutoka, unaochukua picha ya uso na alama za vidole mahali pa muhuri, na kompyuta inahesabu.

3. Kugongewa kutoka huku si kugongewa kuingia kule. Hapa mtanivumilia, maana jambo hili bado linaniuma.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, katika msafara wa kijana wetu aliyekuwa anaongoza kwa mara ya kwanza. Walifika mpakani alfajiri. Ofisi ya kutoka ilikuwa upande mmoja wa daraja, ya kuingia upande wa pili, na katikati malori, wabadilisha fedha na kelele za wapiga debe. Upande wa kwanza kila mtu alisimama mwenyewe, akagongewa. Upande wa pili kijana, kwa nia njema kabisa, akakusanya pasipoti zote ili wazee wasisimame foleni, akazipitisha dirishani kwa mkupuo. Zikarudi kwa mkupuo. Akazigawa ndani ya basi gizani, akiita majina, basi likaondoka. Ya yule mama haikuwa imegongwa. Labda ilinasa ndani ya nyingine, labda afisa aliitwa katikati ya kazi. Hatukujua kamwe.

Safari ilikwenda vizuri. Siku ya kurudi nilikuwa nao uwanja wa ndege. Wenzake walipita, yeye akabaki. Afisa alifungua kurasa hadi mwisho, akarudi mwanzo, akafungua tena taratibu. "Uliingilia wapi?" Mama akataja mpaka. "Muhuri uko wapi?" Akageuka kututazama sisi, kana kwamba sisi tunao. Ghafla mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote akawa anahojiwa kama aliyepenya porini usiku. Alipelekwa chumba cha pembeni na mkoba wake, akaandika maelezo kwa mkono, kurasa na kurasa, na ndege ikaondoka bila yeye. Kijana wetu alikaa sakafuni nje ya mlango ule akalia waziwazi. Nilikaa naye. Sikuwa na la kumwambia.

Kilichomwokoa mama ni karatasi. Muhuri wa kutoka nchi ya kwanza ulikuwa na tarehe ya asubuhi ile. Kipande cha tiketi ya basi kilikuwa bado ndani ya kitabu alichokuwa anasoma. Na tulikuwa na picha za mihuri ya wenzake, ya siku ileile na kituo kilekile. Kesho yake akalipa faini, akaruhusiwa kuondoka. Lakini faini huisha, fomu haziishi. Fomu nyingi za viza huuliza kama umewahi kukutwa na kosa la uhamiaji katika nchi yoyote, na kila anapoomba kwenda kuwaona wajukuu zake inambidi aweke alama kwenye "ndiyo" na kuambatanisha maelezo. Hajawahi kutulaumu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Msidhani ulikuwa ukali wa mpaka ule tu. Kabla ya EES, kanuni za mipaka za Schengen ziliandika wazi: pasipoti isiyo na muhuri wa kuingia ilimpa afisa haki ya kudhania kwamba umezidisha siku, na ilikuwa juu yako kuthibitisha vinginevyo, kwa tiketi au ushahidi mwingine wa mahali ulipokuwa. Tunzeni vipande vya tiketi.

Vituo vya pamoja vimepunguza hatari hii. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kimefanya hivyo tangu 2009: maafisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja, unasimama mara moja. Lakini bado ni mihuri miwili. Hesabuni miwili.

4. Mpaka wa kwanza ni kaunta ya shirika la ndege. Shirika likimbeba asiye na nyaraka hupigwa faini na kumrudisha kwa gharama yake, ndiyo maana yule dada wa kaunta ni mkali. Msigombane naye. Na mipaka mingine haiko inakochorwa kwenye ramani: ukipanda treni ya Paris katika kituo cha St Pancras, London, polisi wa Ufaransa wanakukagua ungali London.

5. Mengine kwa ufupi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu zinazotazamana. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 ni cha maisha, kwa hiyo msikubali kuchomwa tena kwa sababu mtu ameona cha zamani. Mihuri ya ukumbusho, kama ya magofu ya Machu Picchu kule Peru, igongwe kwenye daftari. Pasipoti si albamu, na serikali kadhaa zimeonya kwamba inaweza kuhesabiwa imeharibiwa. Simu mfukoni mkiwa ukumbi wa uhamiaji. Ukiulizwa utakaa siku ngapi, taja siku, usianze historia ya kampuni.

6. Pasipo na muhuri, tafuteni mbadala wake. Israel tangu 2013 hutoa kikaratasi badala ya kugonga. Kisipotee hadi mtoke. Mageti ya kielektroniki ya Uingereza hayagongi kitu, basi pasi ya kupandia ndege ndiyo kumbukumbu yenu.

7. Pasipoti hazikusanywi. Kila mtu asimame na yake, mzee apewe kiti na wewe umshikie nafasi kwenye foleni. Kisha, kabla basi halijaondoka, kiongozi apite kiti kwa kiti na tochi, auone muhuri wa kila abiria kwa macho yake na kuupiga picha. Dereva atanung'unika. Mwacheni anung'unike.