Mkojo Ulitangulia Macho: Homa ya Ini B kwa Mwanangu

Mwanangu wa pili aliugua homa ya ini aina ya B akiwa na umri wa miaka minane. Kila asubuhi nilikuwa nikimtazama macho, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa tangu utotoni: ini likiugua, macho huwa ya manjano. Hayakuwa ya manjano. Kwa takribani wiki nzima alikuwa mchovu, ana homa ndogo, viungo vinamuuma, na chakula amekikataa, hata wali wa nazi ambao kwa kawaida huugombania. Alilalamika kichefuchefu na maumivu chini ya mbavu za kulia. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, lakini zahanati tuliyoanzia ilitupatia dawa ya malaria hivyo hivyo, nasi tukarudi nyumbani tumeridhika.

Mkojo ndio ulionishtua. Ulikuwa umekolea kama chai ya rangi, ingawa alikuwa anakunywa maji vizuri. Nilipotaka kujua kuhusu choo chake nikagundua kwamba sijui lolote, kwani mtoto wa umri huo huenda msalani peke yake, na choo chetu ni cha shimo. Nikampa poti la mdogo wake, naye akalichukua kwa aibu kubwa. Kinyesi kilikuwa kimepauka kama udongo wa mfinyanzi.

Daktari wa hospitali ya wilaya alinieleza kwamba nyongo ndiyo inayokipa kinyesi rangi ya kahawia. Ini likivimba, nyongo haishuki vizuri utumboni, na ile rangi yake, bilirubini, hurudi katika damu na kutolewa na figo. Ndiyo sababu mkojo huweza kukolea siku kadhaa kabla ya macho kubadilika. Ya mwanangu yalibadilika siku mbili baadaye. Tangu hapo mimi humwambia kila mzazi amtazame mtoto nje, kwenye mwanga wa mchana, akivuta kidogo kope la chini, kwa maana taa za ndani hudanganya. Mtoto aliyekula sana papai au karoti anaweza kuwa na viganja vya manjano, lakini weupe wa macho yake haubadiliki. Na tafadhali tusiiite hali hii homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine kabisa, yanayoenezwa na mbu.

Uthibitisho ulitoka kwenye kipimo cha damu. Virusi hivi hukaa mwilini kati ya mwezi mmoja na miezi sita kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo sikuweza kujua kwa hakika alivipata wapi. Nashuku wembe mmoja uliowanyoa watoto watano wa ukoo wetu kabla ya Idi. Hakupewa dawa ya kuua virusi. Tuliagizwa apumzike, anywe vinywaji vya kutosha, ale kidogo kidogo, na asipewe dawa yoyote bila ushauri, hata parasetamoli, kwa kuwa ini lililovimba ndilo linalopaswa kuichakata. Mama mkwe alileta chupa ya mizizi kwa nia njema kabisa. Niliipokea kwa heshima na sikuifungua. Tulionywa pia kwamba akitapika bila kukoma, akitokwa na damu puani au kwenye fizi, akilala mchana kutwa na kukesha usiku, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, tumrudishe hospitali saa hiyo hiyo.

Lililonitisha zaidi ni habari ya watoto wadogo. Walio chini ya miaka mitano mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote, na hao ndio ambao virusi hubaki mwilini mwao: takribani asilimia 90 ya wanaoambukizwa wakiwa wachanga hupata ugonjwa sugu, ilhali kwa watu wazima ni chini ya asilimia 5. Kwa hiyo, ikiwa mama ana virusi, asisubiri dalili kwa mtoto. Amweleze mkunga mapema, ili chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Hapa Tanzania kinga hii imo katika chanjo za kawaida za wiki ya 6, 10 na 14. Mwanangu alipata ya kwanza tu. Tulihama, kadi ikapotea, nami nikaahirisha. Sote nyumbani tulipimwa, na wasiokuwa na kinga wakaanza kuchanjwa. Yeye alipimwa tena baada ya miezi sita, na virusi havikuonekana.