Kutendwa kwa Kiajemi: sisi wa kula kichapo tuna nafuu

Juzi mdogo wangu mmoja anayejifunza Kiajemi kaniandikia: "Dada, kila nikiandika ta'mir karde shod mwalimu anakata kwa wino mwekundu. Kwa nini?" Nilicheka. Hapohapo ndipo walipokwama wengi darasani kwetu, wakiwemo walionong'ona kwamba huyu Mswahili ataishia kwenye salamu. Matokeo ya sarufi yalipobandikwa, walisoma wenyewe jina la juu.

Tuendelee. Vitenzi vingi vya Kiajemi ni vya maneno mawili: jina au sifa, kisha kitenzi cha kusaidia. Ta'mir ni matengenezo, kardan ni kufanya. Kitabu kimekufundisha kwamba neveshtan, kuandika, huwa neveshte shod, "iliandikwa", nawe ukaibeba kanuni hiyo mpaka kwa kardan. Usiibebe. Ng'oa kardan, pachika shodan, yaani kuwa: māshin rā ta'mir kardam, nilitengeneza gari, māshin ta'mir shod, gari lilitengenezwa. Na ile rā, alama ya mtendwa, imeondoka zake.

Utamu uko kwa zadan, kupiga. Mesvāk zadan ni kupiga mswaki, vilevile kama kwetu. Kotak zadan ni kumtandika mtu. Akitandikwa yeye, ni kotak khordan, na khordan maana yake kula. Kala kichapo! Wenzangu walikesha wakikariri kitu ambacho mimi nilikisoma tangu utotoni kwenye kurasa za michezo. Gol zadan, kufunga bao. Gol khordan, kufungwa. Gul zadan (irabu usiichanganye), kulaghai. Gul khordan, kulaghaiwa. Hata shekast dādan, kumshinda mtu, ambako hakuna kupiga, kushindwa kwake ni shekast khordan.

Ila usile kila kitu. "Nimepigiwa simu" haitaki khordan. Mwajemi husema be man zang zadand, yaani wamenipigia, hata kama aliyepiga ni mtu mmoja. Kwenye mazungumzo utausikia mtindo huo kuliko kutendwa kwenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, daftarini andika jozi. Usiandike kitenzi kimoja halafu ukamlaumu mwalimu. Jozi! Kardan na shodan, zadan na khordan. Na ukikutana na qarār dādan, kuweka, usibahatishe: mwenzake ni qarār gereftan, na gereftan ni kuchukua.