Kabla kazi za wasanii zivuke mpaka, jua vile zitarudi

Juzi kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia, anataka kufanya maonyesho ya pamoja na wasanii wa Arusha, akaniuliza, "Dada, nianze na ukumbi ama na sponsa?" Nimekaa na hiyo meseji siku mbili maana ilinirudisha mahali bado pananiuma. Mdogo wangu, anza na safari ya kurudi.

Mwaka jana sisi pia tuliandaa maonyesho ya pamoja, tulikuwa wasanii 11, sita wetu wa Kisumu na watano wa Kampala. Mambo ya ukumbi na kuandika proposo siwachoshi nayo, wote mnayajua. Siku kazi za Waganda zinafika Busia, mpakani kwa Kenya na Uganda, nilikuwa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi na sina wasiwasi wowote, kwa sababu siku hizi maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja na mtu anavuka na kitambulisho tu. Mtu ndio anavuka hivyo. Mzigo una mambo yake.

Kulikuwa na kazi moja ya olubugo, ile nguo Waganda wanatoa kwa gome la mti wa mutuba, wanaigonga na nyundo za mbao mpaka inakuwa laini, na UNESCO waliitambua tangu 2005. Msanii alikuwa ameishonea uzi mwekundu kutoka juu hadi chini. Afisa aliikunjua kwa meza, akaisugua na kidole gumba, akauliza, "Hii ni ngozi ama ni nguo?" Nikamwambia ni gome la mti. Basi kitu cha mti kinataka watu wa kukagua mimea, na sisi kwa orodha tulikuwa tumeandika "michoro" peke yake. Tena hiyo orodha ilikuwa na bei za kuuzia, sasa unamwambiaje mtu kwamba hizi zinakuja kuonyeshwa tu na karatasi yako inasema zinauzwa?

Tulilala Busia siku mbili. Jioni ya ufunguzi ukuta wa wasanii wa Kampala ulikuwa na misumari, na chini ya kila msumari karatasi ya jina la msanii, juu hakuna kitu, na wageni wakapita wakisoma majina. Mshirika aliyeahidi kulipa ejenti wa forodha alikuwa amezima simu, na mpaka leo hajaniambia hata pole. Najaribu kumsamehe.

Sasa sikiliza. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakubali kitu kiingie kwa muda bila ushuru, mradi kitoke ndani ya miezi 12, lakini unaweka dhamana, na dhamana unarudishiwa kitu kilekile kikitoka. Kwa hivyo orodha yako iseme kila kazi imetengenezwa na nini, vipimo, thamani, na picha yake iwe hapo. Za kuuzwa ziwe na karatasi zake kando, pamoja na cheti cha kuonyesha zimetengenezwa nchi gani. Wewe utapitia Namanga, mpaka wa Kenya na Tanzania, na sheria ni hiyohiyo. Tafuta ejenti mapema, umlipe wewe mwenyewe, usingoje ahadi ya mtu.

Na pesa ya kurudisha iwekwe kando kabla hujachapisha bango hata moja, hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu bajeti yetu iliishia kwa ufunguzi na ile olubugo ikalala nyumbani kwangu miezi minne. Kila Jumapili mwenyewe alinipigia, kwa upole tu, "Nnyabo," yaani mama, "kazi yangu iko salama?" Nyinyi mnaopenda kuitwa waandalizi, kazi ya msanii si yako hata siku moja, umeazimwa, na ukishindwa kuirudisha usimwambie mtu unajenga sanaa. Mwishowe nilipanda basi nikampelekea mwenyewe Kampala, na alipoikunjua aliangalia uzi wote kutoka juu hadi chini kabla ya kunisalimia.

Orodha tunayotumia siku hizi nakutumia leo jioni. Ijaze na wasanii wako wote wakiwa hapo, ndio umpigie simu mtu wa ukumbi.