Death Stranding: stori au gemu yenyewe?

Umeuliza kama uivumilie Death Stranding kwa ajili ya stori, mi naona kinyume chake, stori ndo ya kuvumilia. Hii gemu ya Hideo Kojima ya 2019 utamu wake uko kwenye kutembea tu aisee, unapanga mizigo mgongoni, ukipanga vibaya Sam, yule mbeba mizigo unayemchezesha, anayumba unabana vitufe vya L2 na R2 asidondoke, mvua nayo inazeesha kontena, halafu umefika mtoni umekwama unakuta ngazi kaiacha mchezaji mwingine hata humjui, unampa laiki zake unavuka. Stori sawa, mwigizaji Mads Mikkelsen kaua humo, ila video ndefu mno na maelezo yaleyale kila saa. Mwanzo unaboa kweli, fika chapta ya 3 ndo uamue.